Petroli Iliyoingia Visimani: Habari za Mji wa Santa Monica

Kila mama mwenye nyumba anaijua taabu ya dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa. Utalisugua kwa majivu, utalisuuza kwa maji ya moto, utalianika juani siku tatu, na bado ukiteka maji humo watoto watakunja pua. Sasa fikiri kwamba si dumu moja lililoharibika hivyo, bali ni mchanga na changarawe zilizo chini ya mji, mahali ambapo visima vyake hupata maji. Utasugua nini hapo? Utaanika nini?

Jambo hilo liliupata mji wa Santa Monica nchini Marekani. Mji huo uko ufukoni mwa bahari ya Pasifiki, katika jimbo la California, ubavuni mwa jiji kubwa la Los Angeles. Wakazi wake ni kama 90,000. Kwa miaka mingi walikuwa na maji yao wenyewe, yaliyovutwa kwa pampu kutoka ardhini. Karibu nusu ya maji yote ya mji yalitoka katika visima vya mahali paitwapo Charnock, na mengine yalitoka katika visima vya Arcadia.

Mwezi Agosti 1995 wapimaji wa maji waliona katika maji ya Charnock kitu ambacho hakikustahili kuwamo: dawa ya viwandani iitwayo MTBE, ambayo ilikuwa ikichanganywa na petroli. Walipopima tena waliona imeongezeka, na visima vya jirani navyo vikaanza kuionyesha. Kiasi kikubwa kabisa kilichopimwa hapo kilifika sehemu 610 katika sehemu bilioni moja za maji. Wakafunga kisima kimoja, kisha kingine, na ilipofika Juni 1996 Charnock yote ilikuwa imenyamaza. Kabla mwaka haujaisha visima vya Arcadia navyo vikafungwa. Mji uliokuwa ukijitegemea kwa maji ukawa mnunuzi wa maji yaletwayo kwa mifereji na mabomba kutoka mto Colorado na kutoka kaskazini ya jimbo, mamia ya kilomita.

Huenda msomaji ukasema: sehemu 610 katika bilioni ni kitu gani? Na kweli, ni kidogo mno machoni. Katika lita 1,000 za maji, yaani madebe 50, hamkuwamo hata gramu moja ya dawa hiyo. Lakini ulimi wa mtu ni mpimaji mkali. Serikali ya Marekani ilitoa shauri mwaka 1997 kwamba MTBE isizidi sehemu 20 hadi 40 katika bilioni, kwa kuwa hapo ndipo watu huanza kuisikia kwa pua na kwa ulimi, harufu kali kama ya tapentaini. Piga hesabu mwenyewe: gramu moja yatosha kuharibu ladha ya madebe 1,250. Juu ya madhara yake mwilini, wataalamu hawakuwa na neno moja. Panya waliopewa nyingi sana walipata uvimbe wa kansa. Kwa wanadamu ushahidi haukutosha kusema ndiyo wala la. Lakini nani atampa mtoto wake maji yanukayo tapentaini, akingoja wataalamu wamalize kubishana?

Sasa tuulize, dawa hiyo ilitafuta nini ndani ya petroli? Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge, na risasi ile ilitoka pamoja na moshi na kuwadhuru watu, hasa watoto. Risasi ilipoanza kuondolewa Marekani, tangu mwaka 1979 viwanda vilianza kutia MTBE badala yake. Kisha mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kusafisha hewa ya miji yenye moshi mwingi, nayo ikaagiza petroli ya miji hiyo itiwe kitu chenye oksijeni ili iungue vizuri zaidi. Viwanda vingi vikachagua MTBE kwa kuwa ilikuwa rahisi. Katika miaka hiyo ya tisini, katika kila lita 100 za petroli ya California lita 11 hivi zilikuwa MTBE. Hewa ya miji ilipata nafuu kweli, hilo lisikanwe. Ila waliosimamia hewa walitazama juu, na matangi yalikuwa chini.

Maana petroli unayoiona ikitoka katika pampu ya kituo haikai ndani ya ile pampu. Hukaa ndani ya tangi kubwa lililozikwa ardhini, na kati ya tangi na pampu pana mabomba, nayo yamezikwa. Huzikwa ili moto usiyafikie upesi na ili magari yapate nafasi. Matangi mengi yaliyozikwa Marekani hapo zamani yalikuwa ya chuma kitupu. Chuma ardhini ni kama jembe lililosahauliwa shambani: kutu itakula. Tundu hutokea, tena kwa kawaida halionekani na mtu, wala mwenye kituo hasikii kitu. Tuseme tangi linavuja tone moja tu kila sekunde. Kwa siku moja lita 4 na zaidi zimekwenda. Kwa mwaka zimepita lita 1,500, yaani madebe 75 ya petroli yamemezwa na ardhi, na karani wa kituo katika hesabu zake anaona pungufu dogo tu, akidhani ni joto la jua au makosa ya kupima.

Mwaka 1984 ndipo Bunge la Marekani lilipotunga sheria juu ya matangi yaliyozikwa. Wenye matangi ya zamani walipewa hadi Desemba 1998 kuyakinga na kutu, au kuyang'oa, au kuyafunga kabisa. Walipoanza kuchimba na kupima nchi nzima, mahali palipovuja pakahesabiwa hata pakapita 500,000. Nyingi zilikuwa vituo vya petroli vya kawaida tu, kando ya barabara, pale watu walipokuwa wakinunua mafuta na soda.

Ili kuelewa kazi ya kusafisha, yatupasa kwanza kuacha wazo kwamba chini ya ardhi kuna mto au ziwa. Mahali pachache kuna mito ya namna hiyo ndani ya mapango ya chokaa, lakini kwa kawaida maji ya kisima hukaa katikati ya punje za mchanga, kama chai inavyokaa ndani ya mkate uliochovywa. Nayo hayasimami. Hutambaa polepole kufuata mteremko, pengine sentimita chache kwa siku, pengine mita moja.

Petroli ikimwagika hushuka chini kupita udongo, nyingine ikishikwa na punje njiani, mpaka ifike kwenye maji. Hapo haizami, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Huelea juu yake, hukohuko gizani. Lakini sehemu ndogo yake huyeyuka katika maji na kwenda nayo. Inayoogopwa sana kati ya hizo ziyeyukazo ni benzeni, ambayo imethibitika kuleta kansa ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasiwe na benzeni zaidi ya sehemu 10 katika bilioni. Lita moja ya petroli yenye benzeni asilimia moja ina gramu 7 hivi za sumu hiyo, na gramu 7 zatosha kufikisha lita 700,000 za maji kwenye mpaka huo. Ndiyo kusema chupa moja ya petroli dhidi ya madebe 35,000 ya maji.

Hata hivyo benzeni ina adui. Ndani ya udongo wamo vijidudu visivyohesabika, na vingine kati yao hula petroli kama sisi tulavyo ugali. Mwaka 1995 wataalamu wa maabara ya Livermore huko California walikusanya habari za mamia ya vituo vilivyovuja, wakaona kwamba benzeni kwa kawaida haisafiri mbali. Mara chache tu ilizidi mita 75 kutoka kwenye tangi, kwa sababu vijidudu vilikuwa vikiila njiani. Wengi walifurahi. Wakasema, basi mahali pengi tuache ardhi ijitibu yenyewe, sisi tupime tu.

Furaha hiyo MTBE iliitia dosari. Dawa hiyo huyeyuka katika maji mara nyingi kuliko benzeni, haishikwi na udongo, na vijidudu vingi haviipendi; huiacha kama mtoto anavyoacha mboga chungu pembeni ya sahani. Kwa hiyo husafiri kwa mwendo uleule wa maji, ikitangulia mbele ya petroli nyingine. Ndiyo sababu visima vya Charnock viliionja.

Na nani alikuwa mwenye kosa? Hilo halikuwa swali jepesi. Katika eneo la kama kilomita mbili kuzunguka visima vya Charnock palitajwa mahali pakiasi cha 30 pa kushukiwa: vituo vya petroli na mabomba makubwa ya mafuta yaliyopita chini ya mitaa. Kila mmoja alimwonyesha jirani yake kidole. Wapimaji ikawabidi kutoboa visima vyembamba vya uchunguzi, vingi sana. Kwa visima vitatu tu unaweza kujua maji yanaelekea upande gani, ukipima usawa wa maji katika kila kimoja na kulinganisha. Kisha unafuata harufu kinyumenyume, kisima kwa kisima, kama mwindaji afuataye nyayo, hata ufike kwenye tangi la mwenye nalo.

Mji ulikwenda mahakamani mwaka 2000 kuyashtaki makampuni ya mafuta. Mwishoni mwa 2003 makampuni makubwa matatu, Shell, Chevron na ExxonMobil, yalipatana na mji na kukubali kubeba gharama za kurudisha visima. Hesabu ilikuwa ya mamilioni mengi ya dola. Mimi binafsi naona hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa kuliko mitambo yote: Santa Monica ulikuwa na vipimo vilivyoandikwa tarehe kwa tarehe, tangu siku ya kwanza. Bila daftari hilo, mawakili wa makampuni wangeuliza tu, "Mwajuaje ni petroli yetu?", na kesi ingekwisha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mahali petroli ilipovuja, fundi haanzi na maji. Huanza na tangi. Petroli iliyobaki hunyonywa, tangi hung'olewa, na udongo uliolowa kuzunguka shimo huchimbwa na kupelekwa kutibiwa. Usipofanya hivyo unafuta maji sakafuni huku bomba liko wazi. Pale petroli inapoelea chini kwa unene, huchimbwa kisima na kuwekwa pampu ya kuengua, kama mtu anavyoengua mafuta juu ya mchuzi. Kazi hiyo hurudisha kiasi fulani, si yote. Nyingi hubaki imeshikamana na mchanga.

Kwa ile iliyoshikamana, njia mojawapo ni kunyonya hewa. Huzikwa mabomba yenye matundu juu ya usawa wa maji, na mashine juu huvuta hewa mchana na usiku. Petroli hugeuka mvuke upesi, nawe unajua, kwani ukimwaga kidogo saruji hukauka mbele ya macho yako. Basi mvuke ule hufuata hewa hadi juu, na huko hunaswa au kuchomwa. Wengine huongeza na kupuliza hewa ndani ya maji yenyewe, chini kabisa, ili mapovu yakipanda yabebe mvuke.

Yabaki maji yaliyokwisha kuyeyusha sumu. Hayo huvutwa juu kwa pampu na kusafishwa. Benzeni hutoka kwa urahisi: maji humwagwa kutoka juu ya mnara, hewa ikipulizwa kutoka chini, na sumu huhamia kwenye hewa. MTBE ni mkaidi, hushikamana na maji. Charnock walitumia mkaa. Si mkaa wa kupikia, ingawa ni ndugu yake. Huu hutengenezwa kwa makaa ya mawe au vifuu vya nazi, kisha huchomwa kwa mvuke wa moto mkali hata punje yake ikajaa vijitundu visivyohesabika. Ukiweza kuukunjua ndani ya gramu chache tu za mkaa huo, ungetandika uwanja mzima wa mpira. Maji hupita ndani ya mapipa makubwa ya chuma yaliyojaa mkaa, na sumu hung'ang'ania kwenye kuta za vijitundu. Siku mkaa unaposhiba, hutolewa na kuwekwa mwingine. MTBE huushibisha upesi kuliko benzeni, na hiyo ni gharama juu ya gharama.

Mwishoni mwa mwaka 2010 maji ya Charnock yalianza tena kupelekwa majumbani, baada ya kupita katika mkaa na katika mitambo mingine ya kuyalainisha. Tangu kile kipimo cha Agosti 1995 ilikuwa imepita miaka 15. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza visima vilipofungwa alikuwa mtu mzima.

Jimbo la California lilikuwa limekwisha piga dawa hiyo marufuku. Gavana Gray Davis alitoa amri mwaka 1999, na marufuku ikatimia mwanzoni mwa 2004. Miaka miwili baadaye viwanda vya Marekani vikaiacha karibu kabisa, vikatia pombe ya mahindi badala yake. Nayo pombe hii ina vituko vyake: vijidudu vya udongo huipenda mno, vikaila kwanza na kumaliza oksijeni, benzeni ikabaki inasubiri. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Kabla hatujaondoka California, ngoja nikupeleke Port Hueneme, kaskazini-magharibi ya Los Angeles, penye kambi ya jeshi la majini. Humo kambini palikuwa na kituo cha petroli cha askari na jamaa zao. Kati ya Septemba 1984 na Machi 1985 mabomba yake yalivuja, zikaingia ardhini lita 40,000 hivi. Miaka kumi na zaidi baadaye MTBE ilikuwa imetambaa kama kilomita moja na nusu kutoka kituoni, ikiwa katika mchanga mita chache tu chini ya nyayo za watu. Kuvuta maji yote hayo kwa pampu na kuyasafisha kungetumia fedha nyingi na miaka mingi.

Wataalamu wakachukua njia nyingine. Palikuwa pamekwisha patikana vijidudu adimu vinavyokubali kula MTBE, vikikuzwa katika maabara. Taabu ya vijidudu hivi ni pumzi. Ili kumaliza kilo moja ya petroli vinataka kilo tatu hivi za oksijeni, na maji ya ardhini hubeba oksijeni kidogo sana. Hata maji yaliyoshiba hewa, zitahitajika lita 300,000 kuleta kilo tatu. Ndiyo maana penye petroli nyingi vijidudu hukaa na njaa katikati ya chakula. Basi mwaka 2000 pale Port Hueneme wakatoboa safu ya mabomba yenye urefu wa mita 150, kukata njia ya maji machafu, wakapuliza oksijeni na hewa chini kwa vipindi, na sehemu nyingine wakatia vijidudu. Hawakujenga ukuta wala hawakuvuta maji. Maji yalipita yenyewe kwa mwendo wake, kama ng'ombe wapitao katika josho, na upande wa pili yalitoka safi: chini ya sehemu 5 katika bilioni.

Lililoshangaza ni hili. Pale walipopuliza hewa tu, bila kutia vijidudu vya maabara, napo palisafika baada ya muda. Vijidudu vya udongo uleule vilikuwa vinajua kazi, ila havikuwa na pumzi. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa na bado inanifurahisha.

Huenda sasa msomaji unasema, haya ni ya Marekani, sisi huku tuna mto na kisima cha kamba. Jirani zetu wa Makueni nchini Kenya walisema hivyo pia. Katika ukanda wao lilipita bomba kuu la mafuta litokalo Mombasa kwenda Nairobi, lililotumika tangu 1978. Mwezi Mei 2015 lilivuja karibu na mto Thange, mafuta yakaingia mtoni na katika visima, katika nchi ambayo watu wake, mifugo yao na bustani zao vilitegemea maji hayo. Hawakuwa na mji wa kununua maji ya mto Colorado. Miaka ikapita. Julai 2025 mahakama ya Makueni iliamuru kampuni ya bomba iwalipe wakazi zaidi ya shilingi bilioni tatu za Kenya. Ilikuwa miaka kumi tangu mto kuharibika.

Tena si lazima bomba kuu. Kijijini petroli hukaa katika madumu nyuma ya duka, dizeli katika mapipa karibu na mashine ya kusaga, na chini ya mwembe fundi wa pikipiki anamwaga oili chafu mahali pamoja kila siku. Kama kisima kiko mteremko chini ya hapo, maji yanajua njia. Tena vituo vya petroli sasa vinajengwa hata katika senta ndogo. Si vibaya kumwuliza anayejenga kituo, kabla hajafukia shimo: tangi lako lina kuta mbili au moja, na limekingwa na kutu kwa nini? Ni swali la adabu, na jibu lake ni fupi.

Ukisikia harufu ya petroli au mafuta ya taa kisimani, usiyachemshe maji hayo ukidhani yatapona. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, lakini mvuke wa petroli utajaza jiko lako, nao ni sumu na ni moto. Dawa ya klorini haiondoi petroli, wala chujio la chungu. Usiwashe kiberiti wala taa ya moto mdomoni mwa kisima, na mtu asishuke ndani kusafisha, hata kwa dakika moja, kwani mvuke ule ni mzito kuliko hewa na hukaa chini ukimngoja.

Utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji si lazima uwe mafuta. Chukua kijiti, uguse. Ukivunjika vipandevipande kama kioo chembamba na visiungane tena, mara nyingi ni kutu ya ardhini na vijidudu vyake, haina neno kubwa. Utando ukijikunja na kujiunga tena nyuma ya kijiti, hapo ni mafuta.

Basi mwarifu mwenyekiti wa kijiji na afisa wa afya, na kama wanataka sampuli, ichukuliwe hivi: chupa ya kioo iliyo safi, si ya plastiki wala iliyowahi kuwa na mafuta, ijazwe polepole hadi ukingoni, pasibaki hewa hata povu moja chini ya kifuniko, kwa sababu sumu hii hutorokea hewani, ikazwe, iwekwe mahali pa baridi gizani, ipelekwe upesi. Juu yake iandikwe jina la kisima, siku, na saa ya kuteka.